Ufunguo wa Kusoma Tu

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la umeme, mkono wa pili, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na machoni pa Mkunga sifa yake kubwa ilikuwa moja tu: halikuwa na sauti. Mkunga wa kupita nyumba kwa nyumba akiwa na gari linalonguruma ni sawa na kutembea na mpiga mbiu. Lile lake la zamani, la petroli, lilikuwa likikohoa mwanzo wa mtaa, madirisha yanafunguka huku na huku, na kabla hajazima injini watu wameshahesabu nani katika nyumba ile kaolewa lini. Hili la umeme liliingia mtaani kama paka aliyeiba samaki.

Kilichomkera ni ile programu ya simu iliyokuja nalo. Aliyemuuzia alimfungulia kwa fahari, kidole kikiteleza juu ya kioo.

"Unaona, mama? Kila ulikokwenda, kila uliposimama, na dakika ulizokaa. Ramani nzima."

"Na hii ramani inakaa wapi?"

"Kwa wenye kampuni."

"Wako wapi hao?"

"Mbali huko."

"Huko mbali kuna watu?"

"Watu wapo, mama."

"Basi si mbali."

Akarudi nyumbani kanuna. Wiki ile alikuwa na wajawazito kumi na saba mikononi mwake, na wawili kati yao hata mama zao waliowazaa walikuwa hawajaambiwa. Umbea wa mtaa Mkunga aliutafuna kama karanga, tena akiomba nyongeza. Umbea wa kazi hakuuonja hata kwa ncha ya ulimi.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alitengeneza kompyuta katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la madaftari na duka la mshonaji. Alikuwa mtu wa maneno machache na waya nyingi. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akasema, "Tutajijengea yetu."

"Yetu nini?"

"Seva. Kompyuta yetu wenyewe, hapa hapa ndani. Nitafunga kijisanduku chini ya usukani, gari liache kupeleka habari zake kwao, lilete kwetu. Ukitaka kujua chaji, unaiuliza seva yetu. Ukitaka kufunga milango, unaiamuru seva yetu, nayo inaliamuru gari. Kampuni watabaki na ramani tupu."

Mkunga alimtazama kama siku ya kwanza alipomwona. Kuna wanawake wanaoletewa mikufu. Yeye aliahidiwa seva, akaona kapendwa.

Jumamosi ikawa ya ujenzi. Fundi alitoa kompyuta ya kupakata iliyopasuka kioo, iliyoachwa dukani kwake na mteja aliyepotea mwaka mzima sasa. Akaipandisha kwenye rafu ya stoo, kati ya mfuko wa unga na maboksi ya glavu za Mkunga, akaichomeka, nayo ikaanza kupumua kama mzee aliyepanda ngazi. Akashinda ameinama, anaandika, anafuta, anaandika. Wifi wa Mkunga, mdogo wake Fundi, aliyekuwa akikaa vyumba vya nyuma na wanawe wawili tangu ndoa yake ivunjike, alipita pale mara tano akijifanya anatafuta chumvi.

"Kaka, hiyo ndiyo itakayokuwa inaendesha gari?"

"Haiendeshi. Inaliuliza na kuliambia."

"Kama mimi na wanangu, basi. Ila mimi hawanisikii."

Wakacheka wote. Wifi huyu hakuwa wifi wa kwenye hadithi za kuogofya. Wanawe wote wawili walipokewa na mikono ya Mkunga, mmoja juu ya meza ile ile ya jikoni. Jioni wanawake hawa wawili walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, wakamenya viazi na watu kwa pamoja, mpaka ndoo ikajaa maganda.

Saa kumi Fundi akamkabidhi mkewe karatasi yenye herufi na tarakimu arobaini zilizofuatana bila mpango, kama mtoto kakalia kibodi.

"Huu ndio ufunguo wako. Uingize kwenye simu mara moja, basi. Ziko aina mbili. Wa kuamuru unafungua na kufunga milango, unawasha kipoza hewa, unapiga honi. Wa kusoma tu unaonyesha chaji, milango, na gari liko wapi. Hauwezi kufanya kitu."

"Na nani wanao?"

"Wewe una wa kuamuru. Na mimi, kwa ajili ya matengenezo."

"Mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Apa."

"Mke wangu, mimi na wewe ni miaka kumi na tisa," alisema Fundi, na Mkunga akaichukua miaka hiyo kuwa kiapo.

Amri ya kwanza aliyoituma ilikuwa honi. Gari likiwa peke yake uani, milango imefungwa, likapiga ukelele mmoja mkali. Wifi akatoka mbio, mwiko mkononi, tayari kumpiga mwizi. Watoto wakalala chini kwa kicheko. Jirani akachungulia ukutani kuuliza kama kuna harusi.

Wiki ya kwanza, hata hivyo, gari likawa linaamka limechoka. Unaliacha limejaa chaji, unalikuta limepungukiwa moja ya tano, na halijasogea hata hatua. Fundi alikuna kichwa siku tatu, kisha akacheka peke yake stoo. Alikuwa ameiandikia seva iliulize gari kila baada ya sekunde kumi: uko wapi, una chaji kiasi gani? Gari halikupata usingizi.

"Hata mimi," alisema Mkunga, "ukiniamsha kila sekunde kumi kuniuliza niko wapi, asubuhi utabeba maiti."

Akairekebisha. Gari likilala, seva iliache lilale, isipokuwa mwenye ufunguo akiuliza mwenyewe kwa mkono wake. Na kwa vile alikuwa na furaha ya fundi aliyelipata kosa, akamfundisha mkewe kufungua daftari la seva, ambamo kila swali na kila amri vinajiandika: nani, nini, saa ngapi. Mkunga akajifunza, akafunga, akasahau. Kwa miezi mitatu hakuwa na sababu ya kulitazama.

Katika miezi hiyo ndipo Mwalimu alipomwita.

Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi, ingawa muhula ule alikuwa likizo, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, na mimba tatu zilikuwa zimemharibikia. Hii ya nne ilikuwa imevuka mwezi wa tano, na aliyejua ni mumewe tu, aliyekuwa kazini mbali. Mwalimu alivaa magauni mapana, akajisemea kanenepa kwa uvivu.

"Sitaki hongera," alimwambia Mkunga, mikono juu ya magoti. "Mara tatu watu wamenipa hongera, na mara tatu wakarudi kunipa pole. Kila anayenipa pole ananizikia mtoto wangu upya. Huyu asijulikane kwa mtu mpaka alie mwenyewe."

"Hata mto wangu hautajua."

Na kweli haukujua. Mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi, gari la rangi ya chai liliingia nyuma ya nyumba ya Mwalimu bila sauti. Mkunga alipima presha, alisikiliza moyo wa mtoto kwa kipaza sauti kidogo, na Mwalimu akaziba uso kwa viganja kila moyo ule ulipoanza kugonga. Mumewe Mkunga hakuambiwa. Wifi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma hakuambiwa. Mwezi wa sita ukapita salama, wa saba ukapita, wa nane ukawa unaelekea ukingoni.

Jumanne moja Mkunga alikata kona, akakuta wanawake sita mlangoni pa Mwalimu. Beseni jipya, mablanketi ya mtoto, vigelegele mpaka mtaa wa pili. Mbele yao Msusi, mwenye saluni ya kona, mikono juu, anaimba.

"Aa, na mwenye kazi huyo kafika!" alipiga kelele Msusi. "Mkunga, umetuficha! Watu tufurahi na nani?"

Dirishani pazia lilisogea kidogo, likatulia.

Mkunga aliwatimua kwa ukali ambao hawakuwahi kuuona, wakaondoka wakibetua midomo. Alasiri akarudi. Mwalimu alifungua mlango upana wa kiganja.

"Mwalimu, naapa kwa..."

"Usiape. Tuhesabu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Waliojua ni wawili. Mmoja mume wangu, na huko aliko hana hata mtu wa kumwambia. Toa mmoja kwa wawili, anabaki nani? Hii ni hesabu ya darasa la kwanza."

"Sikumwambia mtu."

"Basi niambie imetokea wapi. Nakupa mpaka Jumatatu. Ukiniletea jibu nitajua kama nikufungulie. Usiponiletea, nitatafuta mkunga mwingine, na huyu mtoto Mungu atamjua."

Mlango ukafungwa polepole, kama unaofungwa kwenye chumba cha mgonjwa.

Nyumbani Mkunga alilia hadharani, jambo alilolifanya mara chache kama kupatwa kwa jua. Alimweleza Fundi yote, sasa kwa kuwa siri imeshakuwa ya saluni. Fundi alimvua viatu, akamwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto, akamkanda visigino.

"Watu wana macho, mke wangu. Tumbo halifichiki."

"Hakuna aliyeliona tumbo lile. Anavaa pazia."

"Ngoja niongeze maji ya moto," alisema Fundi, akainuka na birika. Alikawia kidogo, akarudi, akamimina kwa uangalifu asimchome.

Wifi naye akaleta chai, akaketi, akawalaani wenye midomo. "Watu wa mtaa huu! Mdomo hauna mlango, hauna hata pazia!"

Mkunga akamshika mkono, akamshukuru.

Alhamisi hakwenda popote. Gari lilishinda uani limelala, na Mkunga alishinda chumbani akiwaza nani alimwona, wapi, siku gani. Jioni akatazama simu ili ajue kama achaji. Chaji ilikuwa imeshuka kama zile siku za sekunde kumi. Gari halikutoka, ila halikulala pia. Kuna mtu alikuwa akiliuliza.

Akaenda stoo. Alikumbuka mafunzo, akachapa taratibu kwa kidole kimoja, daftari likafunguka. Akatarajia kuona majina mawili. Akaona matatu: mkunga, fundi, jikoni.

Jikoni lilikuwa na ufunguo wa kusoma tu, na lilikuwa likisoma kitu kimoja tu. Gari liko wapi. Saa tatu asubuhi, gari liko wapi. Saa nne na dakika tano, saa nne na robo, saa nne na nusu. Siku ile peke yake mara arobaini na moja. Akarudi nyuma, wiki kwa wiki, mpaka Jumamosi ile ile ya honi.

Mkunga akaenda jikoni kutazama ni mtambo gani Fundi kaufunga humo bila kumwambia. Akakuta jiko, birika, kopo la sukari, na simu ya Wifi imeegemezwa kwenye kopo. Wifi mwenyewe alikuwa anaosha mchele, anaimba.

Moyo wa Mkunga ulikataa. Moyo una ukaidi wake: ukimpenda mtu unamtafutia mawakili. Labda ni saa ya ukutani, labda ni kosa la mtambo. Lakini alikuwa amekulia mitaani, na mitaani hakuna anayemwuliza panya kama ndiye mla jibini. Unamtegea.

Ijumaa asubuhi akaaga kwamba anakwenda kazini, akaliegesha gari mlangoni pa Bibi Mstaafu. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minne, mjane, anayeishi na redio. Mkunga alikunywa naye chai saa tatu nzima, wakisikiliza matangazo ya vifo.

"Leo umenikumbuka kwa kheri gani, mwanangu?"

"Kukusalimu tu, bibi."

"Mm. Gari lako linajua njia kuliko wewe, basi."

Alasiri alipita mbele ya saluni kwa miguu. Msusi akatoka na kitana mkononi.

"Mkunga! Hivi kwa Bibi Mstaafu kuna mjukuu kaletwa kufichwa? Maana yule bibi mwenyewe, akishika mimba, itabidi tuite magazeti!"

Mkunga akacheka pamoja naye, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi yakapata pa kujificha.

Jioni, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ndoo ya maganda katikati yao, Wifi akasogea.

"Wifi yangu, eti kwa Bibi Mstaafu kuna nani?"

"Nani kakwambia nilikuwa kwa Bibi Mstaafu?"

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Si... watu wanasema."

"Watu gani? Niliingia kimya, nikatoka kimya. Hata mbwa hakubweka. Lete simu yako."

Wifi hakuleta. Akaanza kumenya kiazi kile kile kilichokwisha kumenywa.

"Kaka alinipa," akasema hatimaye. "Siku ile ile ya honi. Nilimwambia nataka nijue ukikaribia ili niweke chai motoni. Wifi, mara ngapi umefika umekuta chai moto? Ulidhani nilikuwa naoteshwa?"

"Na Mwalimu?"

"Sikusema neno! Wallahi mimi sikusema. Niliuliza tu. Nilikuwa nasukwa, nikamwuliza Msusi, jamani, kwa Mwalimu kuna mgonjwa? Maana naona gari la wifi yangu haliishi pale. Nikauliza hivyo tu. Wao ndio waliojijibu."

"Ukaja kuninywesha chai ukiwalaani."

"Niliogopa."

"Na leo? Baada ya Mwalimu, ukaenda tena kuuliza habari za Bibi Mstaafu. Leo hukuogopa?"

Wifi alilia. Mkunga alimtazama analia, na akashangaa kwamba hakumchukia. Mtu mwenye njaa ya habari umemwachia sufuria wazi, atafanya nini? Hasira yake ilikuwa inamtafuta aliyeacha kifuniko. Akajiambia kwamba hata huyo alifanya kwa wema. Alitaka mkewe akute chai moto. Alisahau kusema. Wanaume husahau. Akaamua kumsamehe kabla hajarudi dukani, na kwa nia hiyo hiyo akaingia stoo kuufuta ule ufunguo kwa mkono wake.

Ili kuufuta ilibidi auone ulivyotengenezwa. Daftari likamwonyesha. Ufunguo ulizaliwa Jumamosi ya honi, saa kumi na moja, saa moja tu baada ya miaka kumi na tisa kutajwa. Jina lake la kuzaliwa halikuwa jikoni. Lilikuwa dada. Chini yake mstari mwingine: jina limebadilishwa, dada kuwa jikoni. Aliyebadilisha: fundi. Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni.

Mkunga alikaa juu ya mfuko wa unga. Jumanne saa kumi na mbili na dakika arobaini alikuwa na miguu yake kwenye beseni. Ilikuwa ndiyo ile safari ya birika.

Hakungoja nyumbani. Jumamosi asubuhi alimfuata dukani. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea waya. Fundi alikuwa amevaa miwani ya kukuza, kompyuta imefunuliwa matumbo mbele yake, na mteja kakaa kwenye kigoda na kibodi mapajani.

"Shemeji, nenda kanywe soda," Mkunga alimwambia mteja.

"Mimi kiu sina."

"Itakuja."

Mteja akamtazama usoni, akaenda.

"Jikoni," alisema Mkunga. Basi.

Fundi akavua miwani. Hakujitia kutoelewa, hilo angalau.

"Ulikuwa ufunguo wa kusoma tu," akasema. "Asingeweza kufungua hata mlango."

"Siri yangu haikuwa mlangoni. Ilikuwa kwenye kusoma."

"Niliona ni jambo dogo. Anauliza kila siku, amefika wapi, amefika wapi. Nikampa ili aache kuniuliza mimi."

"Hilo ningelisamehe. Jana nilikuwa nimeshalisamehe. Nieleze la Jumanne."

Feni ndogo ya kompyuta iliyofunuliwa ilizunguka, ikasita, ikazunguka.

"Uliposema Mwalimu, nikajua," alisema. "Nilikwenda kutazama, nikaona ni yeye. Ungelifungua daftari usiku ule ungeliona jina lake. Ungemfukuza. Ana watoto wawili, angekwenda wapi?"

"Umeniona nikifukuza watu?"

"Ulikuwa na hasira."

"Nilikuwa nalia! Nilikuwa nalia nawe umenishika kisigino. Ukaninawisha, ukainuka ukaenda kumfichia, ukarudi ukaendelea na kisigino cha pili."

"Nilitaka kukwambia mambo yakitulia."

"Yatulie juu ya nani? Juu ya Mwalimu?"

"Wewe una nguvu, mke wangu. Yeye hana. Nikasema wewe utavumilia."

"Kumbe ulipima." Sauti ya Mkunga ilishuka, ikawa karibu na ile ya Mwalimu. "Ukatuweka kwenye mizani, mimi huku na dada yako huku, ukaona mimi ndiye nisiyevunjika. Hiyo ndiyo zawadi ya kuwa na nguvu."

Fundi akanyoosha mkono juu ya meza. Mkono ukakutana na bisibisi, ukaishika hiyo.

"Futa wa dada yako," alisema Mkunga. "Nilishindwa jana, vidole vilikataa."

Akafuta, kutoka kwenye kompyuta yake ya pale pale mezani.

"Na wako."

"Nikifuta wangu, kikiharibika kitu sitaweza kutengeneza."

"Kimeshaharibika."

Akafuta.

Jumatatu Mkunga alikwenda kwa Mwalimu kwa miguu, mkoba begani, saa nne kamili. Mlango ulifunguka wote safari hii. Alieleza amesimama, bila kujipunguzia: gari, seva, ufunguo, wifi, saluni. La birika pia alilieleza, ingawa halikumhusu Mwalimu. Lilitoka lenyewe.

Mwalimu alisikiliza kama anayesahihisha, kalamu isiyoonekana ikifuata kila mstari.

"Nakuamini," alisema mwisho. "Hukusema neno. Najua sasa."

Mkunga akavuta pumzi, akaanza kufungua mkoba.

"Ngoja. Nakuamini wewe. Lakini ukitoka hapa unarudi kulala nyumba ile ile. Nitakuwa nasikia moyo wa mtoto na huku nasikia nyumba yako. Siwezi. Nimebakiza wiki chache, na ninazitaka kimya."

"Nimefuta funguo zote."

"Najua. Ulizifuta zile zilizoandikwa."

Mkunga akaufunga mkoba. Mwalimu akamwomba ampeleke kwa mkunga mwingine mwenyewe, kwa mkono wake, ili kisipotee chochote. Mkunga huyo mwingine mjini alikuwa mmoja. Walimwita Bi Glavu, kwa sababu watu walisema hata mkono wa salamu hutoa akiwa amevaa glavu, na jina hilo lilizaliwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kati ya Mkunga na Wifi, na kicheko chake kilikuwa kimewalisha mwaka mzima.

Makabidhiano yalifanyika alasiri ile katika chumba cha Bi Glavu, kitanda kimetandikwa kama bahasha. Mkunga alifungua daftari lake, akasoma. Presha ya kila wiki. Kondo liko juu, upande wa nyuma. Mtoto amegeuka wiki iliyopita, kichwa chini. Mama haulizwi kuhusu mimba zilizopita. Ukimwuliza anashika ukuta. Ukimsikilizisha moyo, mwachie azibe uso, usimtoe mikono.

Bi Glavu aliandika yote. Mkunga alikuwa amejiandaa kwa kebehi, alikuwa hata na jibu lake. Bi Glavu akauliza tu, "Anapenda uingie mlango gani?"

"Wa nyuma. Saa nne."

"Nitakwenda kwa miguu," alisema Bi Glavu, akampa mkono. Haukuwa na glavu.

Wifi hakufukuzwa. Watoto walikuwa na shule, na nani angewafukuza watoto aliowavuta mwenyewe duniani? Walipishana jikoni kama wapangaji wa nyumba moja: shikamoo ya watoto, samahani nipite, chumvi iko wapi. Fundi alirudi mapema kila siku, akarekebisha bawaba, akapaka rangi lango, akaulizia kazi. Mkunga alijibu kila alichoulizwa, kwa adabu, kwa ufupi, na usiku alimgeukia ukuta.

Wiki ya tano alikuwa dukani ananunua unga, muuza duka akamtupia neno akiwa anafunga mfuko.

"Umesikia? Mwalimu kajifungua alfajiri. Wa kike. Wazima wote wawili."

Mkunga alishika ukingo wa kaunta. "Eh," akasema. "Mungu mkubwa."

"Kwani hukuwa wewe?"

"Sikuwa mimi."

Akauchukua mfuko wake. Njiani viganja vilikuwa vinamwasha, vinakumbuka. Kule nyuma ya nyumba ya Mwalimu mtoto alikuwa amelia, na mikono mingine ndiyo iliyomnyanyua.

Fundi alikuwa langoni na brashi ya rangi.

"Umesikia ya Mwalimu?" aliuliza, na usoni mwake palikuwa na tumaini la mtu aliyeona mlango umeachwa wazi kidogo. "Kapata binti."

"Nani kakwambia?"

Akachovya brashi. "Dada. Anasema kilo nne kamili."

Mkunga alimjua mtoto yule kwa vidole, wiki baada ya wiki, kupitia ngozi ya mama yake. Hakuwa wa kilo nne. Alikuwa wa tatu na robo, akizidi sana tatu na nusu. Akafungua mdomo amsahihishe mumewe, kama alivyomsahihisha miaka kumi na tisa, juu ya chumvi, juu ya tarehe, juu ya majina ya watu.

Akaufumba.

"Huenda," alisema, akampita, akaingia ndani na unga wake.